Redio za polisi na ufunguo uliopunguzwa makusudi

Makala yenu inasema redio za TETRA (mfumo wa redio za kidijitali) za vikosi vya dharura ni salama kwa sababu mawasiliano yake yamesimbwa, yaani yamegeuzwa kuwa msimbo wa siri, lakini haisemi ni usimbaji upi. Mwaka 2023 watafiti wa kampuni ya Midnight Blue ya Uholanzi walionyesha kwamba ufunguo wa TEA1, mojawapo ya kanuni za usimbaji za TETRA, unaotajwa kuwa na biti 80, kwa kweli hupunguzwa hadi biti 32, kiasi ambacho kompyuta ya kawaida huweza kuuvunja kwa muda mfupi. Polisi wengi wa Ulaya hutumia TEA2, kanuni nyingine ya TETRA. TEA1, iliyo dhaifu, iliuzwa kwa wengine, na hapo ndipo ninapoona dharau. Kwa kuwa kanuni hizo zilifichwa tangu miaka ya 1990, wataalamu huru hawakuweza kuzikagua, na wanunuzi (serikali zikiwemo) waliridhika na neno la muuzaji.