Jino lilikuwa namba moja

Mi ni mwalimu wa fizikia hapa Dodoma, shule siitaji maana bado nahitaji mshahara, na wikiendi ni DJ wa maharusi, sendofu (zile sherehe za kumuaga bi harusi), kipaimara, hata mtoto akitimiza arobaini ukiniita nakuja na spika zangu. Watu wananiulizaga ticha unawezaje hizi kazi mbili, mi nawajibu mbona ni kazi moja tu. Ukumbi ukiwa na urefu wa kama mita 34 na spika zote ziko mbele, aliyekaa nyuma kabisa ngoma inamfikia imechelewa sehemu ya kumi ya sekunde, maana sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kwahiyo wale mashangazi wa meza za nyuma wanaopiga makofi nje ya biti muwaache, wanasikia cha kwao. Amapiano iko kwenye mapigo 112 hivi kwa dakika, zidisha mara mbili unapata 224, hapo tayari uko ndani ya singeli na hamna mtu amestuka. Hesabu hazijawahi kunisumbua mimi. Kinachonisumbua ni Ijumaa.

Sendofu nyingi ni Ijumaa. Kadi inasema saa 12 jioni, wageni wanakuja saa 2 usiku, ila DJ saa 10 jioni uwe ukumbini unafunga waya. Shule yangu iko njia ya kwenda Hombolo, ukumbi uko Kisasa, katikati hapo kuna bodaboda, daladala, na jamaa wa kukodisha spika ambaye kila siku yuko "hapa hapa nakuja". Halafu ilikuwa mwezi wa nane. Dodoma ya mwezi wa nane kama hujaishi huwezi kuelewa, upepo unaanza asubuhi, vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Likiingia kwenye fada za miksa, vile vya kusukuma kupandisha na kushusha sauti, ukisukuma inakwaruza kwenye spika kama mtu anakwangua ukoko, kwahiyo kabla ya kila shughuli lazima nikae chini na kabrashi ka rangi na spiriti nisafishe fada moja baada ya nyingine, na hiyo sio kazi ya nusu saa.

Kwahiyo Ijumaa lazima nitoke shule saa 7 mchana, na kutoka saa 7 lazima uwe na sababu. Kufikia huo mwezi wa nane nilikuwa nimeshazika shangazi wawili (mmoja mzima kabisa yuko Kondoa, shangazi shikamoo, nisamehe), bomba la nyumbani limeshapasuka mara mbili na tumbo limeshanisumbua hadi madam mmoja akaniletea dawa ya kienyeji na ikabidi niinywe mbele yake. Ikabaki jino. Jino nilikuwa nimelitumia mara moja tu, wiki mbili nyuma, nikaona bado lina nguvu.

Sasa Alhamisi usiku nina kazi mbili kwenye laptopu, na laptopu yenyewe ni hii hii ya kupigia muziki. Moja, testi ya Form Two, mada ya mashine rahisi. Mbili, ratiba ya sendofu ya kesho. Tuelewane hapa, ratiba ya kamati ipo lakini mi huwa natengeneza ya kwangu, naandika kila kitu kwa namba kama andalio la somo, saa fulani nini kinatokea na mimi nafanya nini. Kuanza ukurasa mpya nikaona uvivu, nikafungua ile testi, nikaisevu kwa jina lingine, nikafuta maswali, nikaandika ratiba yangu humo humo. Kichwa cha juu sikukigusa. Jina la shule, Physics, Form Two, muda saa mbili na nusu, answer all questions. Nikasema kesho nitafuta. Faili moja ikaitwa FINAL, nyingine FINAL 2.

Asubuhi saa 12 na robo niko steshenari, nina usingizi mpaka kope zinauma. Nikampa dogo flashi, nikamwambia ile final nitolee kopi 94 weka kwenye bahasha kubwa, ile nyingine kopi 6, MC atapitia mwenyewe kuzichukua. Dogo akafungua zote mbili akaona zina kichwa cha mtihani, akachagua anayoijua yeye na Mungu wake. Simlaumu. Bahasha ikafungwa na gundi, nikaibeba na bodaboda, nikamkabidhi madam anayesimamia, mimi nikaenda ofisini kuanza kuumwa.

Maana jino huwezi kuumwa ghafla saa 7, lazima lijengwe. Saa 2 nikakataa chai. Saa 3 nikaanza kuongea upande mmoja wa mdomo. Saa 3 na nusu nikapita kwenye madirisha ya Form Two nimeshika shavu, kuangalia testi inaendaje, nikakuta darasa kimya, hata feni ungeisikia kama tungekuwa nayo. Nikasema leo madogo wamesoma. Mmoja wa dirishani akaniambia kwa sauti ya chini, "Sir, pole na jino." Aisee nikaguswa. Nikasema hawa watoto wana utu, tunawasema bure tu.

Hatua mbili mbele mwingine akanyoosha mkono. "Sir, namba 9 imesema tuzime kila kitu. Ni kila kitu kabisa?"

Nikamwambia, "Soma swali vizuri. Kama limesema zima, zima."

Nikaondoka najisifu kwa kutotoa jibu.

Saa 7 kamili nikagonga kwa mkuu wa shule. Huyu mzee wetu ni mtu mtaratibu, hapigi kelele, na hicho ndo kinachotisha.

"Shikamoo mkuu."

"Marahaba mwalimu, kaa." Nikakaa na shavu langu. "Unaumwa?"

"Jino mkuu. Tangu usiku sijalala."

"Pole sana. La upande gani?"

"Kushoto mkuu."

Akavaa miwani, akafungua droo, akatoa karatasi, akashuka na kidole mpaka sehemu fulani. "Eeh. Kushoto. Hata hapa imeandikwa kushoto."

Jamani. Akaigeuza nikaiona. Kichwa cha mtihani kimekaa vizuri, jina la shule yetu limekolezwa, na chini yake:

1. Saa 7:00 kumuaga mkuu. JINO. (Shika shavu la KUSHOTO, ile siku ulishika la kulia.)

2. Saa 8:00 spika kwa yule jamaa, usimpe hela yote.

Mkono wangu ulikuwa bado uko shavuni. Sikujua niutoe au niuache, maana kuutoa ni kukiri, kuuacha ni dharau. Nikaushusha polepole kama mtu anashusha bendera.

"La kulia lilipona?" akauliza.

"Lilipona mkuu."

"Mungu mkubwa." Akaendelea kusoma, sasa kwa sauti. Bi harusi mtarajiwa akiingia anza taratibu, akifika katikati ya ukumbi ndo upandishe. Mama akilia usikate wimbo mpaka afute machozi. Namba 9, Muheme ya kina mama, ZIMA KILA KITU. Hapo akaniangalia kama anataka maelezo, ikabidi nimweleze kwamba niliwahi kupandisha biti juu ya ngoma za kina mama wa Kigogo kwenye harusi moja huko Mvumi, nikidhani nawasaidia, wakaacha kupiga wote kwa pamoja wakanigeukia, na sitaki yale macho tena maishani mwangu. Mkuu akatikisa kichwa, akasema hapo umejifunza. Nikaanza kupata matumaini.

Akafika namba 11.

Akaisoma kimya kwanza. Akaisoma tena. Halafu kwa sauti, neno kwa neno: "Baba mzazi kuongea. Mwisho dakika 5. Akizidisha, panda na ala polepole polepole mpaka mwenyewe ajistukie ashuke."

Kimya. Nje nasikia madogo wanapiga danadana.

"Mwalimu," akavua miwani. "Mwaka jana kwenye mahafali ya Form Four. Mimi naongea na wazazi. Muziki ukaanza kuja. Nikanyamaza, ukanyamaza. Nikaanza kuongea, ukaja tena. Nikakuuliza kuna nini, ukaniambia nini?"

"Waya mkuu."

"Waya umefanyaje?"

"Unagusana mkuu."

"Nilitoa hela ya shule tukanunua waya mpya, mwalimu."

Sikuwa na la kusema. Ningelikuwa na jino kweli ningeling'oa pale pale nimpe. Akakunja karatasi, akairudisha kwenye droo, akasema Jumatatu nije na barua ya kujieleza na testi nyingine, na mahafali ya mwaka huu nitapiga bure, na yeye ataongea mpaka achoke. "Sasa nenda," akasema, "watu wa watu wameshalipa. Ila jino lako nimelitoa leo, sitaki kulisikia tena."

Mlangoni nikakutana na madam aliyesimamia, kanishikia zile karatasi za majibu, machozi yanamtoka kwa kucheka. Nikamuuliza kwanini hukuusimamisha mtihani? Akasema alipopita kwenye madawati akaona kichwa ni cha mtihani, madogo wanaandika kwa bidii, akajua ndo mitaala mipya hiyo. Kopi alipeleka kwa mkuu baadae, kumpongeza kwamba fizikia sasa inatungwa kwa Kiswahili.

Na kweli madogo walifurahi. Nilizisoma ukumbini jioni nikisubiri wageni, niseme ukweli sijawahi kusahihisha kazi nzuri vile. Tunawafundisha kwa Kiingereza mwaka wa pili huu, wakiandika ni mistari miwili imekufa, lakini siku hiyo mtu kajaza kurasa nne. Namba moja, mtoto mmoja kachora koleo la daktari wa meno, kaeleza kuwa ni wenzo daraja la kwanza, egemeo liko katikati, mzigo ni jino la sir, jitihada ni mkono wa daktari, na ukitumia koleo lenye mpini mrefu jino linatoka kwa nguvu ndogo. Sahihi kabisa. Mwingine namba 2 kaandika kwamba spika inapandishwa kwenye gari kwa ubao ulioinama ili kupunguza jitihada, na mwenye spika apewe nusu kwanza. Nilimpa zote. Kuna mmoja namba 11 kaandika mstari mmoja tu: "Hii ndiyo ilimpata mkuu."

Zile kopi sita nyingine nilikuwa nimezisahau. Nimefika ukumbini saa 10 na nusu, MC ananifuata jasho linamtoka, "DJ hii ratiba uliyoniachia mbona Kizungu kitupu, na mbona inataka watu wachore?" Kumbe kabla hajaisoma alishazigawa kwa kamati. Nikazikusanya tano. Ya sita iko kwa mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mstaafu wa reli, kavaa suti na miwani puani, ana kalamu, kafika mbali. Akaniita.

"Mwanangu, we ndo uliyetunga hii?"

"Ndio mzee, shikamoo."

"Marahaba. Hii namba 4, mbona machaguo yote manne hayana jibu?"

Nikapiga hesabu kichwani. Mzee alikuwa sahihi. Nilisahau kugawanya kwa mbili.

Basi shughuli ikaenda. Bi harusi akaingia, katikati ya ukumbi nikapandisha, watu wakasimama. Muheme ikapigwa, nikazima kila kitu mpaka simu ya MC nikamwambia azime. Tukafika kwa baba mzazi. Mzee mrefu, kashika mic kama fimbo, "Mbukwenyi!", ukumbi mzima ukaitika, akaanza. Dakika ya tano inafika bado yuko kwenye babu yake bibi harusi alivyohama. Nikaweka kidole kwenye fada, imesafishwa, laini kama siagi, nikaanza kuisukuma kidogo. Simu ikawaka mezani. Ujumbe, Mkuu.

"Mwalimu, mmefika namba 11?"

Nikatoa kidole. Mzee akaongea dakika 41. Alipofika kwenye ng'ombe wa mahari akaanza kuwataja mmoja mmoja kwa rangi, na yule aliyechechemea naye akaelezewa alivyochechemea, MC yuko pembeni ananionyesha saa, ananikonyeza, anazungusha kidole hewani niweke ala. Nikamwangalia, nikashika shavu la kushoto.