Mwalimu wa Gredi ya Tatu akihamia shahada, nani atabaki darasa la kwanza?

Tangu Sera ya Taifa ya Walimu ipitishwe mwaka 2019, swali la kama mwalimu wa shule ya msingi Uganda anahitaji shahada limekwisha kujibiwa: anaihitaji. Kinachogombewa sasa ni njia ya kufika huko kwa wale ambao tayari wako kazini. Mtu alimaliza Senior 4, yaani kidato cha nne, akasoma miaka miwili chuo cha ualimu, akapata cheti cha Gredi ya Tatu na kufundisha miaka kumi. Anapohamia programu ya shahada, ahesabiwe nini? Wapo wanaosema ahesabiwe karatasi zake tu, na apande ngazi moja moja kama wenzake, cheti, diploma kisha shahada. Wengine wanasema hiyo miaka kumi nayo ni masomo. Naandika kwa sababu kundi la pili limezoeleka kusikika kama la watu wanaotaka shahada ya bwerere, na sidhani kama limesikilizwa vizuri.

Tuwape nafasi kwanza walinzi wa mlango, wale wa kundi la kwanza, maana hoja yao ina uzito. Mwaka 2013 utafiti wa Benki ya Dunia kuhusu huduma za shule Uganda ulikuta kwamba katika shule za msingi za serikali, ni kama mwalimu mmoja tu kati ya watano aliyeumudu mtaala anaoufundisha. Msajili wa chuo kikuu anakijua kitu hicho hata kama hajausoma utafiti wenyewe. Mwombaji akija dirishani na cheti chake ndani ya plastiki, akitaka asamehewe hisabati na Kiingereza kwa kuwa amezifundisha tangu zamani, msajili ana haki ya kujiuliza alikuwa akizifundisha vipi. Kosa lililorudiwa miaka kumi halifai kugongewa muhuri wa chuo kikuu. Tena krediti, yaani kizio cha kuhesabia masomo ya chuo kikuu, ina kipimo chake, saa 15 za masomo kwa krediti moja, na chuo kinachozigawa ovyo hudharaulika haraka, na wahitimu wake nao.

Mpaka hapo tuko pamoja. Ninapoachana nao ni kwenye namna ya kulinganisha. Utaratibu uliozoeleka ni kuchukua somo alilosoma mtu alikotoka na kutafuta la kufanana nalo aendako. Likionekana anahesabiwa, lisipoonekana anaanza upya. Kwa aliyehama kutoka chuo kikuu kimoja hadi kingine hilo linafanya kazi. Kwa mwalimu wa darasa la pili ni kichekesho.

Mchukulie mwalimu huyo, tuseme yuko wilaya ya Arua. Tangu mtaala wa mada uanze mwaka 2007, darasa la kwanza hadi la tatu hufundishwa kwa lugha ya eneo husika, kwa hiyo anafundisha kusoma kwa Kilugbara. Chati zake ameziandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya viroba vya sukari vilivyopasuliwa, kwa kuwa karatasi ya manila haimalizi muhula. Kuhesabu ni kwa vizibo vya soda. Watoto wamejaa darasani, na mbele yake yuko mmoja anayeitamka kila herufi peke yake bila kosa ila akiambiwa aziunganishe ananyamaza. Mwalimu hamkaripii. Anamrudisha kwenye silabi mbili alizoziweza jana, anaongeza moja, kisha anamwita jirani yake asome naye. Hakuna aliyemwandikia hatua hizo. Amezipata kwa kukosea mbele ya watoto wengi, na kwa msimamizi wa kituo cha walimu aliyekuwa akimtembelea.

Sasa jaza fomu ya kuhamia shahada. Somo linalolingana na hilo chuo kikuu ni lipi? Yako saikolojia ya elimu, falsafa ya elimu, historia ya elimu. Kumfundisha mtoto kusoma kwa Kilugbara utalitafuta sana. Anachoweza kuhesabiwa, kama atahesabiwa, ni nadharia aliyoisoma chuoni na kuisahau. Anachokifanya kila asubuhi hakina safu kwenye fomu. Kisha zinakuja wiki za mazoezi ya kufundisha: wapo wanaolazimika kuliacha darasa lao bila mtu ili wakakaguliwe katika darasa la mwingine. Nani alikaa akafikiri hiyo ni akili?

Jambo linalonikera zaidi ni lile linalofuata. Mtu akiambiwa kwamba uzoefu wake wa shule ya msingi haumpunguzii hata muhula mmoja, atachagua shahada gani? Zipo shahada za elimu ya msingi, Chuo Kikuu cha Kyambogo kwa mfano kinayo. Lakini kama safari ni ndefu ileile, kwa nini asichukue ya sekondari, achague masomo mawili ya kufundisha, siku ya mahafali iwe ndiyo siku ya kuaga shule ya msingi? Ndivyo wengi walivyofanya miaka nenda rudi, kwa kusoma wakati wa likizo. Sera iliyokusudia kuingiza shahada kwenye darasa la kwanza inaweza kuishia kumtoa humo mwalimu hodari. Na wanaoondoka ni wale wenye bidii ya kusoma usiku baada ya kusahihisha madaftari. Mvivu hana haja ya kuhama.

Mshahara unasukuma upande huohuo. Mwalimu wa Gredi ya Tatu hulipwa karibu shilingi 500,000 za Uganda kwa mwezi kabla ya makato, yaani kama milioni 6 kwa mwaka. Tangu Julai 2022 mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye shahada amepandishiwa hadi milioni 4 kwa mwezi. Ukipiga hesabu, kinachomchukua mmoja mwaka mzima mwenzake anakipata kwa mwezi mmoja na nusu. Katika mshahara huohuo mdogo ndimo karo ya likizo, nauli na chakula vinatakiwa kutoka. Na kwa muda mrefu malipo shule ya msingi yamefuata cheo cha mtu, si cheti chake, kwa hiyo mwenye shahada akirudi darasa la pili alilokuwapo anaweza kukuta bahasha ni ileile. Anayemlaumu kwa kwenda sekondari aonyeshe kwanza sababu ya yeye kubaki.

Wenzetu Kenya walipoachana na cheti cha P1, cheti chao cha ualimu wa shule ya msingi, na kuleta diploma mwaka 2021, waliokuwa na P1 waliwekewa kozi fupi ya kupanda daraja badala ya kurudishwa mwanzo kabisa. Ina kasoro zake, na ngazi yao ni diploma ilhali yetu ni shahada. Hata hivyo kozi ya namna hiyo inaanza kwa kukiri kwamba aliyeko kazini si mwanafunzi mpya.

Sisi tunaotumia Kiswahili jambo hili linatugusa kwa karibu kuliko tunavyodhani. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima shule za msingi na sekondari, na mtaala mpya wa sekondari wa 2020 ulikuwa umekwisha kukiweka kuwa lazima Senior 1 na 2. Walimu hawatoshi. Lakini Bombo, Busia na Arua kuna watu waliokulia katika lugha hii, na wengine wao wako ndani ya shule za msingi leo wakifundisha kwa cheti cha Gredi ya Tatu. Watu hao ndio wangekuwa wa kwanza kuvushwa. Badala yake wapange foleni, waanze mwanzo, na wakifika mwisho walipwe kama walimu wa sanaa, ambao hawakuguswa na nyongeza ile ya 2022, kwa kuwa Kiswahili hakihesabiwi kuwa sayansi. (Mgomo wa walimu wa sanaa wa Juni 2025 haukuzuka hivihivi.) Hata hapa, lakini, sitataka mtu apewe krediti kwa kukizungumza tu. Kuna wazungumzaji wazuri ambao hawawezi kukueleza ngeli, na mtoto wa Senior 1 atawauliza.

Kwa hiyo mgawanyo ninaouona wa haki ni huu. Maarifa ya somo, yaani hisabati, sayansi, Kiingereza, Kiswahili, yapimwe kwa mtihani, bila huruma na bila kuangalia miaka ya kazi. Akishinda ahesabiwe, akishindwa akae darasani asome, na utafiti ule wa 2013 utuzuie kulegeza hapo. Kufundisha kwenyewe kupimwe pale anapofundishia: mkaguzi aende na kukaa nyuma ya darasa, aone andalio la somo, avione viroba na vizibo, na atoe alama zinazohesabika kuwa krediti za mazoezi. Kazi hiyo ina gharama, na vyuo vitasema havina watu. Watu wapo: wakufunzi wa vyuo vya ualimu wa msingi waliwafuata walimu hawa shuleni miaka mingi, na Taasisi ya Taifa ya Elimu ya Ualimu, UNITE, iliundwa kusimamia mafunzo ya aina hii nchi nzima. Punguzo kubwa kuliko yote apewe anayechagua shahada ya elimu ya msingi. Anayekwenda sekondari naye apokelewe, ila kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa kazi anayoiendea ni nyingine.

Mshahara ndio unaobaki, na huo hauko mikononi mwa msajili. Wizara ya Fedha isipoweka bajeti ya mwenye shahada anayefundisha darasa la kwanza, tutawapunguzia watu safari ili waondoke mapema zaidi.