Mwacheni Jason Todd achague mwenyewe

Mdogo wangu ana miaka 19 na ana hoja moja tu kuhusu Red Hood, yaani Jason Todd wa vitabu vya katuni vya Batman: angemmaliza Joker, adui mkubwa wa Batman, siku ile ile alipomtia mkononi, na mambo yakaisha. Jumapili iliyopita tulianza kubishana baada ya chakula cha mchana, adhana ya magharibi ikatukuta bado tumo. "Kaka, wewe siku zote uko upande wa Batman," akaniambia. Nikamjibu kwamba simtetei Batman hata kidogo. Ninayemtetea ni Jason, na namtetea hata dhidi ya wanaosema wanampenda.

Kwa ambaye hajawahi kumfuatilia, Jason Todd ni Robin wa pili, yaani kijana msaidizi wa Batman. Alitokea mwaka 1983, na wakati huo alikuwa kama nakala ya Robin wa kwanza, Dick Grayson: mtoto wa wanasarakasi aliyefiwa na wazazi. Mwaka 1987 DC, kampuni inayochapisha Batman, wakamwandika upya. Huyu mpya ni mtoto wa mtaani anayeishi peke yake Crime Alley, uchochoro ule ule ambamo wazazi wa Bruce Wayne, ndiye Batman mwenyewe, waliuawa. Baba yake, Willis, alikuwa akimfanyia kazi jambazi Two-Face, na ni huyo huyo aliyemuua. Catherine, mama aliyemlea, alimalizwa na dawa za kulevya. Usiku mmoja Batman anarudi kwenye gari lake anakuta matairi yamefunguliwa, na fundi aliyeyafungua ni mtoto mwembamba ambaye hata haogopi kumpiga kwa chuma alichoshika. Nimempenda Jason tangu ukurasa huo.

Wasomaji wengi wa enzi hizo hawakumpenda. Alikuwa na hasira za karibu, alijibu wakubwa, alipiga wahalifu kupita kiasi. Mwaka 1988, kwenye hadithi aliyoandika Jim Starlin, kulikuwa na Felipe Garzonas, mbakaji aliyejificha nyuma ya kinga ya kibalozi ya baba yake. Garzonas akaanguka kutoka ghorofani, na aliyekuwa naye juu pale ni Jason. Ukurasa hauonyeshi kama alisukumwa. Batman anauliza, Jason anajibu kwamba labda aliteleza, basi. Ukitaka kujua ubishi wote wa leo ulizaliwa wapi, ni kwenye kibaraza kile.

Mwaka huo huo wakatuletea lile jambo ambalo mpaka leo linanikera. Mhariri Dennis O'Neil na wenzake walichapisha namba mbili za simu: moja ya kumwacha Robin aishi, nyingine ya kumuua. Kila simu senti 50, na dirisha la kupiga likabaki wazi kwa saa 36. Waliotaka afe walikuwa 5,343. Waliotaka aishi, 5,271. Tofauti ni kura 72. Mchoraji Jim Aparo alikuwa ameshachora kurasa za pande zote mbili, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa kuchagua zipi ziende kiwandani.

Mdogo wangu anaona hilo ni jambo la kufurahisha, kipande cha historia cha kusimulia. Mimi naliona kama deni. Wahusika wa katuni hufa kila mwezi, lakini huyu peke yake aliuawa na wasomaji, kwa pesa yao, kwa sababu alikuwa mtoto mwenye hasira. Na sababu za hasira yake wote walizisoma.

Halafu kuna jambo ambalo mashabiki wa Marekani hulipita haraka, nami siwezi, kwa sababu ni la huku kwetu. Jason alifia Ethiopia. Alikuwa amegundua kwamba Catherine hakuwa mama yake mzazi, akaanza kumtafuta aliyemzaa, akawapitia wanawake wengine wawili mpaka akafika kwenye kambi ya misaada ya wenye njaa nchini Ethiopia, alikokuwa daktari wa misaada aitwaye Sheila Haywood. Ndiye mama. Sheila alikuwa akiiba fedha za misaada, na Joker alijua siri zake, basi akamkabidhi mwanawe mwenyewe kwa Joker. Kijana akapigwa kwa mtaimbo ndani ya ghala, ghala likalipuliwa, mama na mwana wote wakafa. Hii ilichapwa miaka michache tu baada ya njaa kuu ya 1983 hadi 1985, watu bado wanakumbuka picha za wenye njaa wa Korem kwenye televisheni. Nchi nzima na msiba wake ikageuzwa pazia la nyuma la jukwaa. Filamu ya katuni ya mwaka 2010 ililihamishia ghala hilo Bosnia, na tangu hapo vijana wengi hawajui hata kwamba yote yalianzia Ethiopia. Ningependa siku moja mwandishi amrudishe Jason pale, aone watu waliokuwa kambini wamezeeka, wana wajukuu, na dawa ambazo Joker aliwaibia ziliwagharimu nini. Hakuna aliyewahi kuwauliza.

Turudi kwenye ubishi wenyewe. Mwaka 2005 mwandishi Judd Winick alimrudisha Jason akiwa mtu mzima, mwenye bastola mbili na kofia nyekundu, akitumia jina la Red Hood, ambalo zamani lilikuwa la Joker. Alitwaa kwa nguvu biashara ya dawa za kulevya ya Gotham, mji wa Batman, na kuwawekea wauzaji sharti moja kuu: msiwauzie watoto. Mwishoni anamkamata Joker, anamweka mbele ya Batman na kuuliza jambo ambalo kila mfiwa angeuliza. Haulizi kwa nini hukuniokoa. Anauliza kwa nini huyu bado anapumua. Batman anajibu kwa kurusha silaha yake ndogo ya popo, na kwenye kitabu inamkata Jason shingoni. Nilipokisoma mara ya kwanza nilikifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Tangu siku hiyo mashabiki wamegawanyika. Kundi la kwanza, la mdogo wangu, linataka Jason awe mwuaji moja kwa moja, mtu anayefanya kazi ambayo Batman anaiogopa. Kundi la pili linataka arudi nyumbani, aombe radhi, akae mezani na ndugu zake akina Dick na Tim, Robin aliyemfuata, na Alfred, mtumishi wa nyumba, akiwapakulia. La tatu ni dogo ila lina kelele: linataka awe adui kamili, maana eti walioharibika hawatengenezeki. Hilo la tatu sina la kuliambia.

Makundi mawili ya kwanza yanakosea mahali pamoja. Yote yanamfanya Jason kuwa jibu la swali la mtu mwingine, kwamba je, Batman ana haki kutoua? Akiua anathibitisha kwamba Batman hana haki, na akiacha anathibitisha kwamba anayo. Yeye mwenyewe yuko wapi? Kijana aliyekufa akiwa na miaka kama 15, akafufuka na kukuta mwingine amevaa nguo zake, na sare yake imewekwa ndani ya kabati la kioo pangoni, na kibao kinachomsifu kwamba alikuwa askari mwema. Alikuwa mtoto, si askari. Waswahili husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na katika mjadala huu wote ni nadra sana kusikia mtu akimuuliza mlezi.

Waandishi nao wamemchosha kwa kumfuta na kumwandika upya. Mwaka 2009 alivaa mavazi ya Batman na bunduki, akampiga risasi Damian, mwana wa Batman, mtoto wa miaka 10. Huyu huyu aliyeweka sharti la kuwalinda watoto! Mwaka 2011 DC walipoanza ulimwengu wao upya, akatokea kama jasiri wa safari na vituko akiwa na rafiki zake Roy Harper na Starfire, kana kwamba yale mengine yalimpata binamu yake. Baadaye akapewa wenzi wapya, Artemis na Bizarro, nakala ya Superman yenye akili ya kitoto, na nakiri miaka ile ilikuwa mizuri, kwa sababu kumlea Bizarro kulimfanya kwa mara ya kwanza awe mkubwa wa mtu fulani. Kisha hayo nayo yakasahaulika. Mtu ambaye kila baada ya miaka mitatu anaamka bila jana hawezi kukua, hata aandikwe na nani.

Ndiyo maana nang'ang'ania hadithi fupi ya Chip Zdarsky ya mwaka 2021. Jason anafuatilia dawa mpya ya kulevya mitaani, anamkuta mtoto aitwaye Tyler katika nyumba iliyooza kwa dawa hiyo, na kwa hasira anampiga risasi baba wa mtoto. Basi. Risasi moja, na mbele yake kumesimama Jason mwingine, mtoto asiye na baba kwa sababu ya mtu mwenye bunduki. Kinachombadilisha si mahubiri ya Batman wala vitisho vya mtu. Anaelewa mwenyewe, polepole, kwa aibu, na hadithi inapoisha anaziweka bunduki chini. Nilimwambia mdogo wangu: hapa ndipo mtu anapokua. Hajaacha kuua kwa sababu baba amekataza. Ameacha kwa sababu amemwona Tyler.

Sasa sikia kilichofuata. Mwaka 2023, katika vita vya Batman na Catwoman, yule mwizi wa Gotham, juu ya mji huo, Jason alisimama upande wa Catwoman. Batman, ambaye akili yake haikuwa sawa wakati huo, akamchezea ubongo: moyo ukianza kwenda mbio, hofu inamshika mpaka anaishiwa nguvu. Eti kwa usalama wake, ili asipigane tena. Na mmoja wa waandishi wa vita hivyo alikuwa Zdarsky huyo huyo. Kijana aliyekwisha kuchagua mwenyewe akapokonywa hata uwezo wa kuchagua, na aliyempokonya ni mtu anayemwita mwanangu. Mashabiki walikasirika, nami nilikuwa miongoni mwao. Hasira yetu haikuwa ya ushabiki wa timu. Mtu aliyewahi kufungwa ndani ya ghala akisubiri bomu, humponyi kwa kumfungia ndani ya mwili wake.

Hapo mdogo wangu alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Sasa wewe unataka afanyiwe nini?"

Nataka awe na mtaa. Crime Alley ndiko alikotoka, na katika ukoo wote wa popo hakuna mwingine anayejua bei ya mkate pale. Aishi huko, ajulikane kwa sura dukani, vijana wanaofungua matairi wamkimbie kisha wamzoee. Nataka Tyler abaki katika hadithi, akue, aje siku moja na hasira zake na maswali yake, na Jason asiwe na pa kukimbilia. Nataka Batman aombe msamaha bila kujieleza, na Jason awe huru kuukataa, na kitabu kinachofuata kikumbuke kwamba aliukataa. Hasira yake isitibiwe kama ugonjwa. Mtu aliyeuzwa na mama yake na kucheleweshewa na baba yake ana haki ya kukasirika. Kitu cha kufuatilia miaka yote ni anachoifanyia hasira hiyo asubuhi akiamka.

Na Joker? Mdogo wangu hakuliachia hilo. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui kama Joker anastahili kuishi, ila najua Jason anastahili hadithi ambayo Joker hayumo.

Hakukubali. Akaniomba simu yangu, nikamfungulia lile toleo la 428 la Batman, la kifo cha Jason, ambalo DC walilichapisha mwaka 2023 kwa sura ile nyingine, yenye kurasa alizozichora Aparo kwa ajili ya kura zilizoshindwa. Ndani yake kijana hafi. Mdogo wangu hakuwahi kuziona. Alitazama ukurasa mmoja muda mrefu, akaukuza kwa vidole viwili, akaurudisha. Kisha akaniuliza ile hadithi ya Tyler inapatikana wapi.