Satelaiti haifiki kilindini

Imeniudhi kusikia watu wakipigia makofi hoja kwamba Ziwa Nyasa halihitaji vipimo vya kuzamishwa kwa sababu satelaiti zipo. Nayo imetolewa hapahapa Mbeya!

Satelaiti husoma joto la ngozi ya maji tu. Tazameni Mlangobahari wa Fram, kati ya Greenland na Svalbard, wenye kina cha zaidi ya mita 2,500. Maji ya vuguvugu ya Atlantiki huingia Aktiki upande wa mashariki; ya baridi hutoka na barafu upande wa magharibi. Tangu 1997 watafiti wamesimika humo safu ya kamba zenye vipimo vinavyokaa chini mwaka mzima au zaidi. Nanga mara nyingi ni magurudumu ya treni yaliyochakaa, kama haya ya TAZARA. Juu yake kuna kifyatuo, kisha vipimo vya mkondo na joto, na maboya ya kioo ya kuisimamisha kamba. Meli ikirudi hutuma mlio majini, kifyatuo huachia nanga, vyote huibuka. Kisipoitika, data ya mwaka imebaki chini.

Ninalosisitiza ni kihisi cha mgandamizo wa maji, kinachoonyesha kina halisi cha kamba, kwa kuwa ndicho hukatwa kwanza bajeti ikibana. Mkondo mkali huilaza kamba; kipimo kilichofungwa mita 250 hujikuta mita 300. Upande wa mashariki wa Fram joto hupungua kadiri unavyoshuka, hivyo kipimo kitaandika baridi, na asiyejua kina halisi atatangaza kwamba bahari imepoa. Huo ni uongo wenye tarakimu. Chini kabisa, ambako mabadiliko ya mwaka ni ya sehemu za mia za nyuzi, kila kihisi kilinganishwe na kipimo cha melini kabla ya kuzamishwa na baada ya kuopolewa.

Sawa, satelaiti hulitazama ziwa lote kwa mara moja. Lakini Nyasa ina kina cha takriban mita 700, na chini ya mita 250 hivi hakuna oksijeni. Upepo wa kusini wa Mei hadi Agosti husukuma maji ya juu kuja Kyela, tabaka la joto hunenepa. Ukitulia, tabaka huanza kuyumba. Zamisheni kamba moja mbele ya Matema, ufukwe unakoshuka ghafla: vihisi vya joto kila mita 20 hadi mita 300, vya mgandamizo juu, katikati na chini, vikisoma kila dakika 10. Barafu hatuna, hatari yetu ni nyavu, kwa hiyo wavuvi waonyeshwe mahali penyewe kabla nanga haijashuka.