Meza ya Babu Imekuja na Ukoo Wote

Jamani mi naomba niongee tu maana nikilikalia hili jambo ntapasuka. Ukimskia mtu anakwambia usinunue meza mpya ya kufanyia kazi nyumbani, eti chukua samani za zamani za familia uzikarabati, bei chee, muulize kwanza ukoo wake una watu wangapi, halafu muulize wangapi kati yao wana simu zenye bando.

Mwanzo wa yote ni kampuni kuona kodi ya ofisi inawaelemea, tukaitwa tukaambiwa kuanzia mwezi ujao kila mtu atafanyia kazi kwake. Tukapiga makofi. Mi ndo nilipiga kwa nguvu kuliko wote maana nawaza foleni ya Tabata nimeagana nayo, kumbe ofisi nimeihamishia kitandani. Miezi miwili laptopu mapajani, mapaja yameiva, mgongo unalia kila nikiinama kuokota ndala, na mke wangu naye saa nne asubuhi anataka kutandika kitanda chake, "bosi inuka," naondoka na kikao changu mkononi naenda kusimama koridoni, huku ndoo, huku jirani anasukwa nywele, na mteja upande wa pili anauliza mbona naskia watu wanacheka.

Nikaenda Keko kuulizia meza. Mfukoni nina 80,000. Kijana wa kwanza aliponitajia bei ya meza na kiti chake nikamuuliza hiyo ni pamoja na mtu wa kuikalia? Hakucheka. Akaangalia viatu vyangu, akanionyesha stuli.

Ndo kwenye daladala narudi nikaikumbuka meza ya babu. Babu yangu mzaa baba alikuwa karani kwenye shamba la mkonge huko Muheza, na alikuwa na meza ya kulia ya mvule, futi 7 kwa 3 na nusu, ubao mzito mpaka watoto tulikuwa tunaambiwa ukiiangusha hiyo utafika Tanga mjini kwa chini kwa chini. Siku hizi iko stoo, juu yake masufuria ya shughuli, chini yake kuku wanatagia. Na pembeni kuna ile stendi ya chuma ya cherehani ya bibi, Singer ya kukanyaga kwa miguu, imebaki miguu tu maana kichwa chake, nilivyoambiwa mimi, kilipotea zamani. Hilo neno "kilipotea" lishike, tutarudi.

Nikampigia shangazi.

"Shangazi shikamoo."

"Marahaba baba. Nani kafa?" Maana nikipiga katikati ya wiki anajua kuna msiba.

Nikamweleza shida yangu, mgongo, kitanda, koridoni. Akanyamaza kidogo kisha akasema, "Chukua baba, hiyo meza ni ya kwenu." Sasa mi na haraka zangu nikaskia "ni ya kwako." Ya kwenu na ya kwako, jamani, hizo herufi tatu ndo zimenitoa jasho mwaka huu.

Meza ikaja pamoja na ile stendi juu ya lori la machungwa, si unajua Muheza na machungwa. Ikashushwa Buguruni alfajiri, nikaipakia kwenye guta, dereva wa guta akaitazama akasema hii ni ya abiria wawili, akadai nauli ya watu wawili nikampa. Nafika nyumbani najiona mshindi, meza inanukia machungwa, bado mayai mawili ya kuku yako droo ya pembeni hayajavunjika hata moja. Tunaiinua mpaka mlangoni. Haipiti. Tukailaza, haipiti. Tukaigeuza miguu juu, haipiti. Jirani mmoja akashauri tuvunje mlango, nikamwambia nyumba ni ya kupanga, akasema basi tuvunje usiku.

Ikalala nje siku mbili. Siku ya kwanza mama wa jirani kaweka beseni lake la maandazi juu, watoto wanafanyia homuweki, nikasema sawa tunaishi na watu. Siku ya pili naskia hodi, ni mjumbe, kavaa kofia, sura ya huruma, daftari la michango kwapani. Ananishika mkono hauachii. "Pole sana kijana. Ni nani, mzee au mama?" Kumbe mtaa mzima wakiona meza ndefu nje wameshajua ni msiba, wanasubiri turubai tu. Nikamweleza. Akaangalia meza, akaangalia orodha yake, tayari kuna waliotoa 12,000. Sijui zile hela ziliishia wapi na mi sijauliza, maana nilipewa pole nikaipokea.

Ikabidi ikatwe. Nikaita fundi, tukakubaliana 40,000, anaikata katikati, nusu tunaifunga kwa skrubu juu ya ile stendi ya cherehani ya bibi, tayari nina meza ya ofisi ya kipekee hata kwenye magazeti haipo. Fundi akaanza na msumeno kwa mbwembwe, anapiga mluzi. Dakika ya kumi, kraaa! Msumeno umegoma, meno matatu yameruka. Fundi akasimama ananitazama kama nimemtegea bomu. "Humu ndani kuna jiwe."

Nikadhani ananitania aongeze bei. Kumbe kweli, mvule ni mti unaotengeneza mawe tumboni mwake, mawe kabisa ya chokaa, ukikata kwa pupa linakula msumeno. Tulilichokonoa kwa patasi likatoka, dogo kama nusu kipande cha sabuni, jeupe. Huo mti umekaa na jiwe lake miaka na miaka, babu kala ubwabwa juu yake, hakuna aliyejua, mpaka amekuja mjukuu na 80,000 zake. Msumeno mpya nikalipa mimi.

Halafu vumbi. Hakuna aliyeniambia kuhusu vumbi la mvule. Mi nilisema msasa nitapiga mwenyewe kubana matumizi, nikanunua namba 80 na namba 120, nikajifungia chumbani dirisha limefungwa ili majirani wasije na beseni tena, nikasugua mchana kutwa. Jioni pua inatiririka, macho yamevimba, mikono imetoka vipele mpaka kwenye viwiko. Kesho yake kikao cha saa tatu, kamera imewashwa, kila nikifungua mdomo napiga chafya nne mfululizo. Bosi: "Pole kwa mafua, kapumzike." "Sio mafua bosi, ni meza." Kimya. Tangu siku ile kuna mfanyakazi mwenzangu kila akiniandikia anamalizia na "meza inaendeleaje."

Vanishi sitaki hata kuizungumzia. Ilikuwa masika, haikukauka siku sita, mi siku ya tatu nikaweka viwiko. Nywele za mkono wa kushoto ziko pale mpaka leo, ukiinama kwenye mwanga unaziona.

Lakini kosa kubwa, kosa la kufa nalo, nilipiga picha. Meza imependeza kwa kweli, ule mvule ukipigwa vanishi unatoa rangi ya asali iliyochemka, miguu ya chuma ya bibi nimeipaka rangi nyeusi, yale maua maua ya chuma yanaonekana vizuri. Nikatuma kwenye grupu la familia, nikaandika "Ofisi yangu mpya, asanteni ukoo." Tiki za bluu watu 43. Hakuna anayeandika. Dakika ishirini. Halafu baba mkubwa akatuma voisi ya dakika nne na nusu.

Sitairudia yote. Kwa kifupi, juu ya meza ile zilihesabiwa mahari za mashangazi zangu wote watatu. Babu alikuwa anasahihishia juu yake madaftari ya hesabu za shamba na hakuna aliyeruhusiwa kupumua. Baba mdogo akadakia kwamba yeye alilazwa juu ya meza hiyo hiyo akachapwa kwa kuiba nazi, na ile alama ya kona ni jino lake, je, kona ile iko nusu ipi? Ndo nikaenda kuangalia. Iko nusu ya pili, ile iliyobaki, imeegemea nyuma ya mlango na kila usiku naipiga kidole gumba nikienda chooni. Kumwambia hivyo nikadhani nampoza, kumbe nimewasha moto, baba mdogo anataka nusu yenye jino irudi Muheza, binamu wa Korogwe anasema kama inagawanywa basi na yeye ana haki, na mtu mwingine ambaye mpaka leo sijui ni mtoto wa nani akauliza, "na miguu minne ya mbao iko wapi?" Iko uvunguni. Nimejibu iko salama. Sijasema kwamba mmoja tunapigia nao mende.

Basi nikasema nitulie nifanye kazi, maneno yataisha. Sasa ile stendi ya cherehani ina kanyagio, na mtu ukikaa mahali kuna kanyagio mguu hauwezi kutulia, we jaribu. Nikiwa nawaza, nakanyaga. Gurudumu linazunguka, kri-kri, kri-kri. Kwenye kikao bosi anauliza, "Nani anashona?" Kila mtu kimya, na mimi kimya, mguu nao unaendelea bila ruhusa yangu. Wiki iliyofuata nimevaa shati na tai juu, chini msuli kama mtoto wa Tanga yeyote mwenye akili timamu, nakanyaga huku natoa ripoti ya mwezi, gurudumu likanasa pindo la msuli. Nikaona unaondoka. Unaondoka taratibu, kwa heshima zake, unaingia kwenye gurudumu, na mi natabasamu kwenye kamera nasema "kama mnavyoona kwenye jedwali." Nilikaa pale baada ya kikao kuisha dakika arobaini namsubiri mke wangu aje na mkasi.

Majirani nao wameona dirishani miguu ya cherehani. Wakaanza mmoja mmoja. "Baba, naomba unipigie hili pindo." Mama samahani hii ni ofisi. "Ndio, najua, ofisi ya kushona." Kuna mmoja aliacha sweta ya shule ya mwanae kwenye kamba ya mlango akaondoka, kesho yake karudi kuuliza kama tayari.

Haya, Jumamosi iliyopita mchana shangazi huyo, katoka Muheza na basi la asubuhi, hakupiga simu. Ana kikapu cha machungwa na furushi zito limefungwa kwa kanga mbili. Nikampokea, shikamoo, marahaba, pole na safari, haongei, anaenda moja kwa moja kwenye meza. Akapitisha kiganja juu ya ubao polepole kutoka kona mpaka kona. Akafika kwenye nywele zangu akasimama. "Hizi za nani?" Zangu shangazi. Akaguna.

Halafu akafungua furushi. Kichwa cha cherehani ya bibi. Cheusi, kinang'aa mafuta, maandishi ya dhahabu yamefutika nusu tu. Miaka yote hiyo "kilipotea" kiko uvunguni mwa kitanda chake, anakipaka mafuta kila mfungo ukiisha. Nikamuuliza shangazi mbona ulisema kimepotea. "Nilisema kimepotea kwa sababu mkeo, na mke wa baba yako mdogo, na wale wa Korogwe, wote walikuwa wanakiulizia." Na fundi keshaitwa, sijui namba yake aliipata wapi, fundi yule yule wa jiwe, akatoboa ubao wangu wa mvule katikati kabisa, pale ninapowekaga laptopu, kichwa kikakaa juu ya miguu yake kama hakijawahi kuondoka. Mkanda wa ngozi shangazi kaja nao.

Leo siku ya tisa. Mtaa umeshajua. Mimi niko kitandani naandika haya, laptopu mapajani, kule mezani kuna sweta saba za shule na pazia la mjumbe. Kesho saa tatu nina kikao na bosi, nimemwambia shangazi, akavua miwani akaniuliza kama nitakuwa na kelele, maana ana kazi za watu.