Saratani ya matiti Zanzibar: kipimo cha kipokezi cha estrojeni kisingoje

Mwanamke akikatwa kinyama kwenye uvimbe wa ziwa, maabara hutakiwa kwanza iseme kama ni saratani au siyo. Ikiwa ndiyo, linakuja swali la pili, na hapo ndipo watu wanapogawanyika. Je, kinyama kilekile kipimwe protini zake tatu, yaani kipokezi cha estrojeni na kipokezi cha projesteroni, ambavyo hupokea homoni hizo za kike ndani ya seli, na HER2, protini ya juu ya seli inayoihimiza ikue? Au fedha hiyo ipelekwe shehiani, kuwatafuta wanawake wenye uvimbe mdogo ambao bado wanauficha?

Wanaotaka fedha iende shehiani wana hoja nzito, na si haki kuipita mbio. Katika Tanzania wagonjwa wengi wa saratani ya matiti hufika hospitali wakiwa hatua ya tatu au ya nne, uvimbe umeshashika ngozi au ugonjwa umeshahamia kwenye mifupa, mapafu au ini. Ukubwa wa uvimbe na idadi ya tezi za kwapani zilizoingiliwa havihitaji kemikali ghali kuvijua, na hadi leo vimo katika vibashiri vinavyotegemewa zaidi kuhusu nani atapona. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake ulioanzishwa mwaka 2021, liliweka malengo matatu: asilimia 60 ya saratani vamizi za matiti zigunduliwe zikiwa hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike, na asilimia 80 wamalize matibabu yao. Lililotangulia ni kuwahi. Na sababu za kinamama kuchelewa tunazijua sote: haya ya kumvulia nguo daktari mwanamme, kungoja mume arudi safari, dawa za miti shamba zinazojaribiwa kwanza, na hofu kwamba ukienda hospitali utakatwa ziwa.

Wana hoja nyingine yenye makali zaidi. Wanauliza kipimo kina faida gani ikiwa hakuna dawa ya kukifuata, na mfano wao ni HER2. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake, huko Marekani, walionesha kuwa wanawake ambao saratani yao ina nakala nyingi za jeni ya HER2 hurejewa na ugonjwa mapema na hufariki mapema. Kwa zaidi ya miaka kumi khabari hiyo mbaya haikuwa na dawa. Mwaka 1998 Marekani ikaidhinisha trastuzumabu, inayojulikana zaidi kwa jina la Herceptin, ambayo huishika protini hiyo juu ya seli. Matokeo ya majaribio yaliyotolewa mwaka 2005 yakaonesha kwamba ikitolewa baada ya upasuaji, pamoja na kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, hupunguza kurejea kwa ugonjwa kwa takriban nusu. Protini ni ileile. Kilichogeuza ubashiri ni dawa. Kwa hiyo mwanamke mwenye HER2 nyingi asiyeweza kuipata dawa hiyo, mbele yake kuna ubashiri uleule wa 1987. Dawa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015, lakini kuwemo orodhani hakuiweki kabatini.

Nakubaliana nao hadi hapo. Naachana nao pale wanapoichukua hoja ya HER2 na kuangusha nayo vipimo vyote vitatu, kwa sababu kesi ya kipokezi cha estrojeni ni nyingine kabisa. Dawa yake, tamoksifeni, iliruhusiwa Uingereza tangu 1973. Ni kidonge kimoja kwa siku, kimo katika orodha hiyohiyo ya dawa muhimu, na bei yake haikaribii hata kidogo ile ya trastuzumabu. Mwanamke ambaye saratani yake ina kipokezi hicho, akiimeza kwa miaka mitano, uwezekano wa ugonjwa kumrudia ndani ya miaka hiyo hupungua kwa karibu nusu, na uwezekano wa kufa kwa saratani hiyo hupungua kwa takriban theluthi moja katika miaka 15. Asiye na kipokezi hapati faida hiyo. Hapa kipimo kinabashiri mwendo wa maradhi, na papo hapo kinamwambia daktari aandike dawa gani.

Hata hoja ya kuchelewa, ukiitazama vizuri, inaangukia upande huu. Mchukulie mama wa Micheweni, Pemba, aliyefika hatua ya nne. Upasuaji hautamponya. Kemo kwa kawaida huja kwa mizunguko, mara nyingi kila wiki tatu, na kila mzunguko kwake ni gari, boti, mtu wa kumsindikiza, na watoto wa kuachiwa shangazi. Mionzi kwa miaka mingi watu wa visiwani wameifuata hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Lakini ikiwa saratani yake ina kipokezi cha estrojeni, dawa ya homoni inaweza kuuzuia ugonjwa kwa miezi mingi, pengine miaka, naye yuko nyumbani kwake anameza kidonge. Kadiri mgonjwa anavyochelewa na kuishi mbali, ndivyo jibu la kipimo hiki linavyozidi kuwa na uzito kwake. Sioni namna ya kumwambia mama huyo kwamba kwa kuwa alichelewa, hatuna haja ya kujua.

Wengine watasema: basi tamoksifeni apewe kila mtu bila kupima, maana wengi wana kipokezi. Ndivyo ilivyofanywa kwa miaka mingi mahali pengi Afrika, na anayeidharau hoja hii hajakaa na daktari asiye na maabara. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la PLoS Medicine, uliokusanya tafiti za nchi nyingi za Afrika, ulionesha kwamba hata kusini mwa Sahara zaidi ya nusu ya saratani za matiti zina kipokezi cha estrojeni. Lakini wasio nacho ni wengi pia, na humo wamo wenye saratani isiyo na hata protini moja kati ya zile tatu, ambayo huwapata wanawake weusi, khasa walio vijana, zaidi kuliko wengine. Hao mwendo wa ugonjwa wao ni wa kasi, na kimbilio lao kuu ni kemo iliyoanza mapema. Ukimpa mmoja wao kidonge kisichomfaa, atarudi nyumbani akiamini anatibiwa, na wakati wake unakwisha.

Uchambuzi huohuo una jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Tafiti zilizotumia vinyama vya zamani vilivyotolewa ghalani ziliona vipokezi vya estrojeni kwa wanawake wachache zaidi kuliko tafiti zilizokusanya vinyama upya kwa uangalifu. Yaani sehemu ya kile tulichokiita saratani ya Kiafrika isiyo na vipokezi huenda ilikuwa kinyama kilichohifadhiwa vibaya. Mwongozo wa wataalamu wa Marekani unataka kinyama kiingie kwenye fomalini, dawa ya maji ya kukihifadhi, ndani ya saa moja tangu kukatwa, na kikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72. Fomalini huingia ndani ya nyama polepole, takriban milimita moja kwa saa. Anayekausha ng'onda anajua kuwa samaki mnene asipopasuliwa, chumvi haimfiki ndani. Ziwa zima lililokatwa na kutumbukizwa ndooni bila kuchanjwa liko vivyo hivyo. Juujuu limehifadhika, katikati protini zinaoza.

Sasa ufikirie upasuaji wa Ijumaa asubuhi Chake Chake au Mkoani, na chupa inayovuka bahari kwenda Unguja. Ikifika na kushughulikiwa Jumatatu mchana, saa 72 zimeshapita. Kuzidisha muda kidogo hakudhuru sana kama kupunguza, na kinyama chembamba cha sindano hustahamili kuliko ziwa zima, lakini anayesoma kipande chini ya hadubini hana njia ya kujua chupa ilipitia nini ikiwa hakuna aliyeandika. Ana kinga moja tu iliyomo ndani ya kipande chenyewe: vijifereji vya kawaida vya maziwa pembeni ya uvimbe, ambavyo baadhi ya viini vya seli zake hutakiwa vigeuke rangi ya kahawia kipimo kikifanyika, kwa kuwa navyo vina kipokezi. Visipogeuka, asiandike kwamba kipokezi hakipo. Aandike kwamba kipimo hakisomeki. Tofauti ya sentensi hizo mbili ni miaka mitano ya dawa kwa mtu aliye hai, na mpaka wenyewe ni mwembamba: asilimia moja tu ya seli za saratani zikishika rangi inatosha kuhesabu kuwa kipokezi kipo, ijapokuwa tangu 2020 kati ya asilimia 1 na 10 huitwa kiwango cha chini.

Ki-67, protini inayoonesha kasi ya seli kugawanyika, nayo inasifiwa sana. Iligunduliwa Kiel, Ujerumani, mwaka 1983, na bado maabara mbili zinaweza kuhesabu kipande kimoja zikapata majibu tofauti. Kundi la kimataifa la wataalamu wake linaiamini zaidi ikiwa asilimia 5 au chini, au 30 au zaidi. Kwetu ingoje.

Je, ufundi wenyewe tunaumudu? Katika hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, katika utafiti wa kifua kikuu cha nje ya mapafu uliofanywa pamoja na watafiti wa Bergen, Norway, kingamwili, yaani protini zinazonasa protini moja maalumu na kuionesha kwa rangi, zilishatumika kuitafuta protini ya MPT64 ya bakteria ndani ya vinyama vya wagonjwa. Kanuni ni ileile ya vipokezi vya matiti. Bila shaka mradi wa utafiti una bajeti yake na watu wake, na huduma ya kila wiki inataka kemikali zisizokatika, umeme wa uhakika kwenye friji, na vipande vya kulinganishia kila siku ya kazi. Kwa hiyo ningeanza na kipokezi cha estrojeni kwa kila mgonjwa bila kuchagua, cha projesteroni kikifuatana nacho. HER2 ningeipima ikiwa mgonjwa ana njia ya kuipata dawa, na kinyama chake kilichozamishwa kwenye nta kitunzwe ili kipimwe siku dawa itakapofika.

Fedha za shehiani zisiguswe kwa ajili hiyo, maana mwanzo wa kazi hii unataka vitu vya bei ndogo. Kila chumba cha upasuaji Unguja na Pemba kiwe na fomalini iliyochanganywa sawasawa, chupa yenye mdomo mpana na fomalini ya angalau mara kumi ya kinyama, na fomu yenye nafasi mbili za kujazwa na muuguzi kwa mkono wake: saa kinyama kilipokatwa, na saa kilipotiwa kwenye fomalini.