Ufuo unaohama hautaki zege

Mwaka 2019 Shirika la Reli lilibomoa vibanda vya samaki vya Lwang'ni, ufuoni mwa Ziwa Victoria, ili kuipisha bandari ya Kisumu iliyokuwa ikifufuliwa. Bandari imekarabatiwa, lakini kandokando ya ardhi ya reli bado kuna vipande vya ufuo vilivyolala, vikingoja mradi mkubwa wa hoteli na gati. Anayependekeza vitumike kwa muda, kwa soko la jioni au maonyesho, hujibiwa haraka: hao wakishaingia hawatoki, na ziwa watalichafua.

Hofu ya kwanza haikutoka hewani. Kibanda cha miezi sita huota bati, kisha saruji, kisha mpangaji wa chumba cha nyuma. Tena Januari 2021, katika kesi ya Mitu-Bell, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba watu walioishi muda mrefu kwenye ardhi ya umma wanaweza kupata haki ya makazi. Afisa wa ardhi akisita, tumwelewe. Ila hukumu hiyo inahusu watu waliojenga makao na kulea familia hapo. Mama samaki anayefunga saa tatu usiku na kupanda boda boda kurudi mtaani Nyalenda hajajenga makao ufuoni. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ukomo wa Mashauri nacho kinazuia mtu kujitwalia ardhi ya serikali kwa hoja kwamba ameikalia miaka 12. Kinachowaponza maafisa ni ushuru wa kila siku unaokusanywa bila leseni. Mtu aliyelipa miaka minne na hana karatasi yenye tarehe ya mwisho atashangaa kwa haki siku tingatinga likija. Leseni ya kukalia ardhi kwa muda, yenye nambari ya kibanda, tarehe ya kuondoka, marufuku ya kulala na marufuku ya kupangisha, inamlinda yeye na mwenye ardhi pia.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni ziwa lenyewe. Kwenye kipimo cha kimo cha maji kilichoko Jinja, Uganda, rekodi ya juu ya 1964 ilikuwa mita 13.41. Mei 2020 maji yakafika 13.42, na 2024 rekodi hiyo nayo ikapitwa. Ziwa hilohilo mwaka 2006 lilikuwa limeshuka hata wavuvi wakaburuta mashua kwenye tope. Kutoka hapo hadi 2020 lilipanda zaidi ya mita mbili. Sasa piga hesabu. Ufuo wenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 50, kila mita moja ya maji inayoongezeka inausogeza ukingo mita 50 kuelekea mjini. Mita mbili ni mita 100, karibu urefu wa uwanja wa mpira, ndani ya miaka 14. Ukuta wa zege uliowekwa kwenye ukingo wa 2006 ungekuwa chini ya maji. Uliowekwa kwenye ukingo wa 2020 utabaki nchi kavu ziwa likirudi. Wanaoita matumizi ya muda kazi ya kubahatisha wangeulizwa mradi wao umechorwa kwa maji ya mwaka gani.

Kitu cha kuhamishika nacho kina ufundi wake. Kontena la futi 20 linalotumika kama kibanda lina uzito wa kama tani 2.2 likiwa tupu, na lori lenye winchi hulibeba. Hukaa kwa pembe zake nne tu, na udongo mweusi wa Kisumu huvimba mvua na kupasuka kiangazi. Pembe moja ikizama, fremu hupinda na mlango hukwama. Chimba sentimita 30, jaza maramu, ishindilie, kisha laza mataruma ya zamani ya reli chini ya kila pembe. Tatizo lisilotarajiwa ni kwamba kontena huelea. Eneo lake la chini ni kama mita za mraba 15, kwa hiyo likiwa tupu na limefungwa vizuri, maji ya kina cha sentimita 15 hivi yanatosha kuanza kulinyanyua. Lifungwe kwa minyororo, au litobolewe chini maji yaingie. Majukwaa ya kuelea tuyasahau: gugu maji likisukumwa na upepo hung'oa nanga.

Hofu ya uchafu ndiyo nzito kuliko zote, na hapa wapinzani wana haki zaidi kuliko wanavyojua. Kichocho, ugonjwa wa minyoo unaoambukizwa kwa kugusa maji ya ziwa, kipo: waosha magari wa ufuoni Kisumu wamechunguzwa na watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kwa miaka mingi kwa sababu hiyo hasa. Kwa hiyo kuosha magari na kuogelea visiwe kwenye orodha hata kwa wiki moja. Maji ya kuoshea samaki yapitie kichujio cha magamba, kisha pipa la lita 200 lenye kizuizi cha kuzuia mafuta, lisafishwe kila jioni. Likiachwa wiki moja magamba huziba na mafuta huenda ziwani.

Choo cha shimo hakichimbiki, maji ya chini yako karibu mno. Kinachobaki ni choo cha juu chenye tangi lililofungwa. Watu 500 kwa siku, lita tatu kila mmoja, ni lita 1,500. Tangi la lita 10,000 hujaa kabla ya wiki kuisha. Ghala, taa na jukwaa vinaweza kusubiri. Lori la kunyonya haliwezi, na pasipo bajeti ya kulileta walau kila siku sita, hata mimi ningeunga mkono vipande hivyo vibaki vimelala.